Mtangazaji wa Sinema Asizoziona

Alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja hata siku aliyokuwa na homa: hatangazi sinema aliyokwisha kuiona. Mwenye Banda, yaani yule aliyemiliki banda la video la mabati pale mtaani kwetu Sumbawanga, alijaribu mara mia tisa kumkalisha kwenye benchi aiangalie kwanza, ili angalau ajue anachokisema. Alikataa mara mia tisa na moja.

"Nikishaiona nitasema ukweli," alimjibu. "Na ukweli hautakujazia hata benchi la nyuma."

Jina lake silitaji. Wa mtaani wanalijua, na wa mbali haliwasaidii kitu. Sisi sote tulimwita Mtangazaji, mkewe naye alimwita Mtangazaji, na nina hakika hata malaika wake mlinzi alimwita hivyo hivyo.

Kila Jumamosi saa kumi alasiri alifunga spika ya tarumbeta kwenye keria ya baiskeli, akaweka betri ya gari kwenye kikapu cha mbele, akajisimamisha mlangoni pa banda na koti lake refu la kijivu, lile la kukabiliana na upepo wetu wa Juni unaogandisha mpaka salamu. Mwenye Banda alimkabidhi kava la sinema ya kesho yake. Basi hapo ndipo ungeona kazi. Alilinyoosha mkono mzima, akafinya macho, akahesabu watu waliomo, akatazama viatu vyao. Viatu ndivyo alivyoviamini kuliko sura. "Huyu wa nyuma kushoto, mdogo, mwenye raba nyeupe," alinguruma, "huyu atakufa kabla hujamaliza karanga zako!" Nisitie chumvi, sauti yake ilivuka Milima ya Mbizi, ikateremka bondeni mpaka Ziwa Rukwa na kuwasumbua mamba. Na mara nyingi yule wa raba nyeupe alikufa kweli. Asipokufa, watu walikuja kulalamika, naye aliwajibu bila haya: "Basi aliyeitengeneza ndiye aliyekosea. Mimi nilisema vizuri."

Sinema yenyewe ilipoanza, Jumapili baada ya misa ya pili, alitoka nje. Hakuwahi kukaa ndani hata robo saa. Aligeuza kreti la soda chini juu nyuma ya banda, akamimina uji wa ulezi kutoka kwenye chupa ya chai, akaegemeza sikio kwenye bati. Nilimuuliza siku moja anasikiliza nini.

"Nasikiliza kama wanaiona ile niliyowaambia," alisema.

Ukisikia hivi utadhani alikuwa mwongo wa kuzaliwa. Sivyo. Mtu huyu bila spika alikuwa mkweli wa kuudhi. Jirani yetu mmoja alipofariki, waliombwa watu waseme maneno machache. Wote tukasema marehemu alikuwa nguzo, taa, mkarimu asiye na mfano. Zamu ya Mtangazaji ilipofika alivua kofia, akasema, "Marehemu tulikaa naye ukuta kwa ukuta. Hakuwahi kumwazima mtu jembe. Mungu ampokee hivyo hivyo." Msiba mzima ukamgeukia mjane. Kisha mjane akacheka, akacheka mpaka akashika mbavu, na kilio kilichofuata kilikuwa cha kweli kuliko vyote vya siku ile. Nilipomwambia baadaye kwamba amethubutu sana, alinitazama kwa mshangao. "Mimi bila spika sisemi uongo, mwanafunzi mwenzangu."

Mwanafunzi mwenzangu: ndivyo alivyoniita, kwa sababu tulikuwa wanafunzi wenza kweli, dawati moja. Mimi kijana wa miaka ishirini na ushee niliyekuwa nimeacha shule kwenda kulima, yeye mzee mwenye wajukuu. Masomo ya jioni tuliyasomea katika darasa la shule ya msingi, kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yakigusa masikio. Wengine tulikuja kutafuta cheti. Yeye alikuja kutafuta Kiingereza cha kwenye makava. Hesabu hakuzisikiliza, historia aliisinzia, ila akikutana na neno alilowahi kuliona kwenye jalada la sinema aliruka kama aliyeumwa na siafu. "Hilo! Mwalimu, hilo lina maana gani?" Akishaambiwa maana alisikitika kidogo. Nadhani maana alizokuwa akizitoa mwenyewe zilikuwa nzuri zaidi.

Nisiseme mabaya tu. Mama yangu alipozidiwa na malaria mvua za Machi, na gari hakuna, ni Mtangazaji aliyempakia kwenye ile baiskeli, mimi nikimshikilia kwa nyuma, na spika akaihamishia kwenye usukani, akaiwasha njia nzima mpaka hospitali. "Pisheni! Pisheni! Anapita mama wa mwanafunzi mwenzangu!" Watu walipisha, ng'ombe walipisha, na lori la mahindi likaingia mtaroni kwa heshima. Kwa hiyo ninapoeleza alichonifanyia, ujue namweleza mtu ambaye ningemfuata mpaka kwenye moto. Ndiyo maana iliuma.

Mwalimu wetu wa Kiswahili, dada mmoja aliyekuwa ametoka chuoni juzi, alitupa insha: Safari Ambayo Sitaisahau. Mimi wakati huo nilikuwa nimesafiri mara mbili tu maishani, Mollo kumlimia mjomba na Chala kwenye mazishi, na zote mbili nilikuwa nimekwisha kuzisahau. Nikatunga.

Kwa anayetoka mbali: huku kwetu, juu ya uwanda huu wa Ufipa, bado yamesimama matanuru ya udongo ya wazee waliokuwa wakiyeyusha chuma. Tunayaita malungu, moja ilungu. Ni marefu kumpita mtu aliyesimama juu ya bega la mwenzake, mapana chini, membamba juu, na miguuni yana matundu ya kupitishia upepo. Mengine yamebomoka, mengine yanasimama katikati ya nyasi kama yanamsubiri mtu. Nimeyatazama tangu utoto na sikuzote niliyaona yamekaa mkao wa kuondoka.

Basi niliandika hivyo. Wahunzi saba wameingia ndani ya ilungu kulikarabati. Wa nane, aliye nje, hana habari, anawasha moto. Ilungu linatetemeka, linang'oka, linapaa na saba wakiwa ndani, linapita mawingu, linafika mwezini. Na mwezi ni nini? Mwezi, wanagundua, ni lundo la mavi ya chuma, yale makapi yanayobaki baada ya kuyeyusha. Kuna wahunzi waliowatangulia, wa zamani kuliko zamani, wamekuwa wakiyatupa pale mpaka lundo likawa kubwa hivyo, na linang'aa kwa sababu bado halijapoa. Na nyuma ya lundo wanasikia mivukuto inapuliza moto. Kuna mtu yuko kazini.

Mwisho wake niliuhangaikia wiki nzima. Nilipoupata, wino wa bluu ulikuwa umekwisha, nikauandika kwa mwekundu.

Mwalimu aliandika chini: Umetoka nje ya mada. Safari iwe ya kweli. Nikalifunga daftari. Mtangazaji akalifungua. Alisoma midomo ikicheza, wakati wote wa mapumziko, wenzetu wakiota jua la mwisho ukutani. Alipomaliza alirudi ukurasa wa kwanza, akaupigapiga kwa kidole.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kichwani, mzee."

"Kichwa hiki hiki?" Alinigonga paji la uso kwa kidole. "Hiki kinachoshindwa kugawanya kumi na mbili kwa tatu?"

"Hicho hicho."

"Basi wewe," alisema taratibu, "umeiona sinema ambayo hata haijatengenezwa."

Sijawahi kusifiwa hivyo, si kabla wala baada. Nikamfungulia moyo. Kulikuwa na redio moja iliyokuwa ikisoma hadithi za wasikilizaji kila Jumatano, na kabla ya kusoma ilitaja jina la mtunzi na anakotoka. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: nisikie jina langu, kisha "wa Sumbawanga", kisha hadithi yangu. Mama nilikuwa nimekwisha kumwambia, na alikuwa amenunua betri mpya akaziweka redioni tayari.

Mtangazaji akaniomba daftari. "Nipe siku mbili. Nilinyooshe hapa na pale, halafu ulinakili vizuri ulitume."

Hakuwa na spika. Nikampa.

Siku mbili zikawa wiki. Daftari likawa kwa shemeji yake. Kisha likawa kwa shemeji lakini shemeji kasafiri. Kisha, ghafla, mtaa mzima ukawa na jambo jingine la kutazama, na mimi pia.

Mwenye Banda alirudi kutoka Mbeya na bango. Sinema yenyewe bado, aliambiwa itamfikia baada ya wiki tatu, ila bango alipewa atangulie nalo. Akalibandika mlangoni. Lilikuwa la sinema ya mambo ya sayansi na anga, hatukuwa tumezoea hizo, tulizoea za mateke. Lakini katikati ya bango, katika nyasi ndefu za manjano, kilisimama kitu kirefu cha rangi ya udongo, kipana chini, chembamba juu, na miguuni matundu yanayotoa moto. Pembeni yake alisimama mtu amejifunika kichwa kwa kitu kama jagi la kioo.

Siku ile hakuna aliyefanya kazi mtaani kwetu. Mama wa maandazi alisema yule mtu amevaa kioo ili asivute moshi. Kijana mmoja wa bodaboda, mwenye mdomo kuliko pikipiki yake, alishuka akapiga kelele: "Oya washikaji! Hili si ilungu kabisa? Hawa jamaa wamekuja kupiga sinema kwetu na hawajatuaga!" Basi ikawa hivyo. Watu wa Mollo wakaja, wakasema nyasi zile ni za kwao, wanazijua. Watu wa Chala wakasema nyasi si hoja, ilungu lile ni la kwao, tena wanajua kwa nani. Kikaja kizee kimoja na fimbo, kikalitazama bango kwa muda mrefu, kikagusa matundu kwa ncha ya fimbo, moja, moja.

"Yamezidi," kikasema. "Aliyelijenga hakufundishwa."

Na mimi? Mimi nilisimama nyuma yao nimekunja mikono, nikitabasamu kama bwana harusi. Niliona bango lile limekuja kunipokea. Nilifikiri: kumbe huko mbali nako wapo wanaowaza kama mimi, na hadithi yangu ikisomwa Jumatano, watu hawatasema nimetoka nje ya mada. Niliipenda sinema ile kabla sijaiona kuliko nilivyowahi kupenda kitu chochote nilichokiona.

Jumamosi Mtangazaji akasimama na spika yake. Mtaa ulijaa mpaka juu ya miti ya mikaratusi. Hakulinyoosha bango mkono mzima, hakuhesabu watu, hakutazama viatu. Nilipaswa kushtuka hapo hapo.

"Wahunzi saba!" akanguruma.

Wahunzi wangu.

"Wahunzi saba wa nchi hii hii! Wameingia ndani ya ilungu kulikarabati! Na wa nane, masikini, hana habari. Ana nini mkononi? Ana kijinga cha moto!"

Alisimulia yote. Alivyosimulia, nakiri kwa uchungu, ilikuwa nzuri kuliko nilivyoandika. Kila mhunzi alimpa kikohozi chake. Alipofika mwezini alishusha sauti mpaka watu elfu thelathini wakainamisha shingo kumsikia.

"Na mwezi ni nini, ndugu zangu? Tangu mmezaliwa mnautazama. Nani anajua?"

Hakuna aliyejua isipokuwa mimi.

"Mavi ya chuma!"

Lilipigwa yowe. Kile kizee cha fimbo kilivua kofia. Wanawake walipiga vigelegele. Na Mtangazaji, kama kawaida ya kazi yake, akakata pale pale kwenye mivukuto inayopuliza nyuma ya lundo: "Ni nani yuko kazini huko? Mwisho mtauona wenyewe, Jumapili ya tatu!"

Nilimkuta nyuma ya banda anakunja waya.

"Mzee, shikamoo. Ile ni yangu."

"Marahaba. Ipi?"

"Ile! Yote! Wahunzi, mwezi, mivukuto!"

"Aa," akasema, kama nimemkumbusha jembe aliloazima. "Sasa mwanafunzi mwenzangu, bango lina ilungu. Hadithi yako ina ilungu. Ulitaka niseme nini?"

"Useme jina langu."

"Kwenye sinema?" Alicheka, si kwa ubaya, na hicho ndicho kilichoniuma zaidi. "Acha ipite. Ikishapita utairudia yako."

Akaisimulia Jumamosi ya pili. Akaisimulia na ya tatu. Katikati ya hapo mji mzima ukaisimulia. Niliisikia stendi, niliisikia kwenye mashine ya kusaga, niliisikia kwenye foleni ya kitubio kanisani. Na siku moja niliporudi nyumbani nilimkuta mama ametoka kwaya, amejaa furaha.

"Mwanangu, njoo ukae. Kuna sinema inakuja, wewe hujasikia? Ni wazee wetu wa chuma hawa, wanapaa mpaka mwezini. Na huo mwezi, utacheka..."

"Mama. Hiyo ndiyo hadithi yangu. Ndiyo ile uliyoinunulia betri."

Mama aliweka chini kitabu chake cha nyimbo. Alinitazama kwa huruma ambayo ningependa kofi kuliko hiyo.

"Kumbe ndicho ulichotaka kuwapelekea watu wa redio?" alisema polepole. "Kitu cha wenyewe, mwanangu? Cha sinema?"

"Mama, sinema hiyo hakuna aliyeiona! Hata Mtangazaji hajaiona!"

"Lakini bango nimeliona kwa macho yangu."

Akainuka, akafungua mgongo wa redio, akatoa betri moja moja, akazitia kwenye tochi.

Sikuituma tena. Ningeituma kwa nani, kama mama yangu mzazi ameniona mwizi?

Nilibaki na tumaini moja, nalo lilikuwa sinema yenyewe. Nilijua haiwezi kuwa ya kwangu. Itaonyeshwa, watu wataona hakuna mhunzi wala mavi ya chuma, watageuka wajiulize: sasa ile tuliyosimuliwa imetoka wapi? Na hapo nitasimama. Jumapili ya tatu niliwahi benchi la katikati. Kwaya nzima ilikuja na sare. Kizee cha fimbo kilipewa kiti cha mbele kabisa.

Ilungu lilionekana mwanzoni, kweli, limesimama kwenye nyasi. Banda likapiga makofi. Kisha lilifunguka ubavuni kama mlango wa benki, na ndani yake mlikuwa na korido nyeupe. Basi. Watu wenye nguo nyeupe walisimama kwenye ile korido wakibishana, wakahamia korido nyingine wakabishana tena, kwa muda wa kama miaka miwili. Mwezi haukuonekana hata kwa bahati mbaya. Ikaisha.

Watu wakageuziana shingo. Moyo wangu ulikuwa unapiga ngoma ya harusi.

"Imekatwa!" mtu akapiga kelele.

"Ndiyo, imekatwa! Tumeletewa nusu!"

"Ile yenyewe imebaki Mbeya!"

"Mwenye Banda, tuletee ile ya wahunzi!"

Nikapanda juu ya benchi. "Ndugu zangu! Ya wahunzi haipo! Haijawahi kuwepo! Niliitunga mimi!"

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimeusubiri wakati huo wiki tatu, na naapa niliona mwanga. Kisha yule kijana wa bodaboda, aliyekaa nyuma yangu, akanivuta suruali.

"Dogo, kaa chini. Unatuziba, huenda nusu ya pili ikaja."

Nilitoka nje. Mtangazaji alikuwa kwenye kreti lake, sikio kwenye bati. Alikuwa amesikia kila neno. Alimimina uji kwenye kifuniko, akaninyooshea.

"Kunywa, kumepoa leo."

Sikupokea. "Umesikia nilivyosema?"

"Nimesikia."

"Ungeingia mle useme neno moja tu. Wewe wangekuamini."

"Nikiingia sasa hivi watanipiga," alisema. Hakuwa na spika na hakusema uongo, na sijawahi kuuchukia ukweli kama jioni ile.

Baada ya hapo dawati letu lilikaa mtu mmoja. Yeye aliacha masomo kabla ya mtihani. Mimi nilifaulu, nikapata kazi ya karani kwenye ghala la mahindi. Simu za kuonyesha video zilipofika, banda likafa, likawa duka la mbolea, na Mtangazaji akahamia Kirando, kwa wavuvi, kwa binti yake. Daftari sikuliona tena. Sinema ya wahunzi, yenyewe, haikufa. Mke wangu, tukiwa bado tunachumbiana, aliniuliza kama mimi nilibahatika kuiona ile nzima, kabla haijakatwa. Nilimwambia sikubahatika. Mtu utaanzia wapi?

Mwaka jana niliteremka Kirando na lori la mahindi, turudi na dagaa. Asubuhi ya jua kali, ziwa limetulia, wanawake wako vichanjani wanageuza dagaa kwa mikono. Kabla sijamwona nilimsikia. Sauti ilikuwa imechakaa, spika hakuna, lakini wahunzi walikohoa kila mmoja kikohozi chake. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, amekonda ndani ya koti lile lile, na wale wanawake walikuwa wakigeuza dagaa polepole ili asiwapite.

"Mzee, shikamoo."

Alinyanyua macho. Alinijua mara moja. "Marahaba, mwanafunzi mwenzangu! Umekuwa mnene! Karibu."

"Bibi zangu, subirini kidogo," aliwaambia wanawake, ingawa bibi alikuwa mmoja tu, akanishika mkono tukasogea mpaka kwenye ubavu wa lori. Hapo akainama kama mtu anayeomba dawa.

"Daftari lilikwenda na maji, nyumba ilivuja. Nisamehe. Lakini nisaidie kitu. Mwisho wake ulikuwaje?"

"Mwisho?"

"Mimi sikuwahi kuusema. Kule mwisho ulikuwa wa Jumapili. Hapa Jumapili haipo, sinema haipo, na hawa akina mama hawakubali niishie kwenye mivukuto. Kila siku nawatungia mwisho mpya, wanasema huu siyo. Na kweli siyo. Ule wako ulikuwa wa wino mwekundu, nakumbuka wino tu."

Mwisho nilikuwa nao, neno kwa neno. Ninao mpaka leo.

"Nitakupa," nilimwambia. "Lakini kwanza nenda pale, mbele yao, useme hadithi hii ni ya nani."

Alilitazama lori, kisha vichanja. Midomo ilicheza kama alivyokuwa akisoma. "Nikiwaambia ni ya karani wa mahindi, wataendelea kuitaka?"

"Hiyo ni juu yao."

"Haya," akasema. Akajivuta koti, akatembea mpaka vichanjani, mimi nyuma yake. Wanawake wakaacha dagaa. Akaniwekea mkono begani.

"Akina mama, mnamwona huyu?" alisema. "Huyu ametoka Sumbawanga. Huyu..." Nikamsikia akivuta pumzi. "Huyu ndiye aliyekaa ndani akaiona sinema mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nje. Muulizeni yeye."

Mkono wake ulibaki begani kwangu, mwepesi, hauna hata aibu.

"Ehee, kaka!" wakaitikia kwa pamoja. Yule bibi alikuwa amekwisha kuja mbele, dagaa wamemganda mpaka kwenye viwiko. "Hebu tutue mzigo, mjukuu wangu. Nani alikuwa anapuliza ile mivukuto? Huyu mzee wetu leo anatwambia ni Mungu, jana alisema ni mjomba wake."

Wakacheka. Wakanisubiri. Ningeweza kusema, na ingekuwa tamu, na jioni ile Kirando nzima ingeimeza, ikaendelea kuwa ya sinema milele na milele. Nilimtazama Mtangazaji. Alikuwa ametega sikio.

"Umeme ulikatika," nikasema.

"Aaa!" wakalia wote. Bibi akapiga makofi mara moja kwa uchungu. "Sisi tunaujua umeme wenu! Pole, mjukuu wangu, pole sana." Hakuna hata mmoja aliyeuliza mara mbili. Walirudi kwenye dagaa wakiulaani umeme wa Sumbawanga, na mimi nikapanda lori, nikiwaza kwamba katika yote niliyowahi kutunga, hilo ndilo la kwanza watu waliloliamini likitoka kinywani mwangu mwenyewe.